Kiatu cha Elfu 35 na Daftari Tulilochelewa Kulisoma



Wapendwa wasomaji, taarifa hii ilipaswa kuwafikia kabla ya Noeli. Tuliahidi kuiandika mwezi Oktoba, mbele ya mtu mmoja, na ukweli ni kwamba tuliahidi bila nia ya kutimiza. Inawafikia sasa kwa sababu yule tuliyemwahidi aliifanya sehemu yake yote, na sisi hatukufanya hata robo ya sehemu yetu. Inahusu pea moja ya viatu vya kukimbilia, vya mtumba, tulivyonunua kwa shilingi 35,000. Inatuhusu pia sisi mafrateri wanne wa falsafa, wenye miaka 25 kwa wastani, tuliosema tunapima kiatu wakati hatukuwa tunapima kitu chochote.

Seminari yetu iko kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi. Ukitoka getini kuna kilomita 3 za vumbi na mawe katikati ya migomba na kahawa, tulizopimisha kwa pikipiki ya bodaboda. Kisha unafika njia panda, na lami inaanza kushuka kuelekea mjini. Kushuka ni raha. Kurudi ndipo mtu anapokumbuka dhambi zake zote. Muda wetu wa michezo ni saa kumi jioni. Wengi huenda kwenye mpira wa miguu na wachache kwenye wavu. Mwenzetu mmoja hutoka getini akakimbia, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, mvua na jua.

Anatoka upande wa Mbulu, mkoani Manyara. Ndiko kwao John Stephen Akhwari, yule aliyeanguka na kuumia katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akaendelea na goti lililofungwa bandeji, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Mwezi Septemba 2025, Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo, bwalo zima lilizungumza habari za mbio kwa wiki nzima. Mwenzetu alisikiliza, akala, akaosha sahani yake. Jioni akatoka getini kama kawaida.

Alikuwa anakimbia na raba za kitambaa zilizokwisha. Soli ya kulia ilikuwa na tundu ambalo sarafu ya shilingi mia ingepita. Ndani alikuwa ameweka kipande cha boksi la biskuti. Mvua ikinyesha boksi linageuka uji, naye anakata jingine. Sote tulikuwa tunaona. Kumpa viatu moja kwa moja hatukuweza, kwa sababu tulikuwa tumeshajaribu jambo kama hilo. Mwaka uliotangulia mmoja wetu alimpa shati. Kesho yake lilirudi limefuliwa na kupigwa pasi, pamoja na shukrani nyingi na neno moja tu: wapo wenye shida kuliko yeye.

Ndipo tukabuni ujanja.

Tulichanga. Watatu walitoa elfu tisa kila mmoja na wa nne alitoa elfu nane. Saa ya mapumziko ya mchana, mwenzetu akiwa amelala, tulichukua ndala zake mlangoni, tukazipima kwa uzi, tukazirudisha. Jumamosi ya tarehe 11 Oktoba tukashuka Moshi hadi soko la Memorial. Hatukujua kuchagua. Tulichagua rangi ya bluu, tulichagua nembo ya kampuni inayojulikana, tukalinganisha urefu wa soli na uzi wetu, tukapatana bei. Namba 42. Tulirudi tumeridhika kabisa.

Jioni tulimwita, tukaweka viatu mezani, na juu yake daftari jipya. Tukamwambia kwamba jarida letu linataka makala juu ya swali hili: je, kiatu cha bei nafuu kinamfaa mtu anayekimbia barabarani? Tukamwambia yeye ndiye anayekimbia kuliko sote. Avivae hadi mwisho wa mwaka wa masomo na aandike kila kitu, hasa kasoro.

Alivigeuza viatu mkononi. Akauliza maswali mawili.

"Niandike ukweli?"

"Ndiyo, ukweli mtupu."

"Na mtasoma?"

"Tutasoma, ndugu yetu. Si ndiyo kazi yenyewe?"

Akavichukua. Sisi tukaenda kwenye masifu ya jioni mioyo imetulia, kama watu waliokwisha kulipa deni. Zile raba za kitambaa zenye boksi la biskuti hatukuziona tena.

Kuanzia siku ile tulimwona mara nyingi amekaa kwenye ngazi za bweni baada ya kukimbia, daftari gotini, anaandika. Tulikuwa tukipita tunamwita "mtafiti". "Vipi, mtafiti, kiatu kinaendeleaje?" Tulikuwa tunauliza huku tunatembea, na swali linaloulizwa hivyo halisubiri jibu. Naye alijibu kwa adabu, "Kinaendelea." Mwezi Desemba alikuja mlangoni kwetu, daftari likiwa kwapani. Mmoja wetu alimwambia tutaangalia baada ya mitihani. Baada ya mitihani tulienda likizo ya Noeli, na baada ya likizo hakuna aliyekumbuka.

Siku ya Alhamisi Kuu mwenzetu alikuwa miongoni mwa kumi na wawili walioshwa miguu kanisani. Sisi tulikaa safu ya pili. Padre Gombera alipopiga magoti na kuushika mguu wake wa kulia, tuliona ukucha wa kidole gumba ni mweusi kabisa, na wa kidole cha pili umeng'oka. Padre aliuosha mguu ule polepole kuliko mingine, akaufuta, akaubusu. Mmoja wetu alinong'ona, "Nadhani kinambana." Mwingine akasema, "Ndiyo kukimbia huko." Tukaendelea kuimba.

Wiki ya pili baada ya Pasaka, katika somo la Maadili, tulifika kwenye mada ya uongo. Padre mwalimu alitupitisha kwa Mtakatifu Augustino, aliyeandika vitabu viwili juu ya jambo hilo na hakuruhusu uongo hata wenye nia njema. Akatupitisha kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, anayegawa uongo katika aina tatu: wa kudhuru, wa mzaha na wa kusaidia. Tomaso anasema zote ni dhambi, ila uzito wake si mmoja. Akagusa na Immanuel Kant, ambaye mwaka 1797 alishikilia kwamba hata muuaji akikuuliza rafiki yako amejificha wapi, huna haki ya kumdanganya. Darasa likachangamka. Wengi walikuwa upande wa kumdanganya muuaji.

Mwenzetu akainua mkono. Si kawaida yake.

"Padre, mtu akipewa zawadi, lakini akaambiwa kwamba ni kazi, je, amedanganywa?"

Hatukuangaliana. Kila mmoja alitazama kitabu chake.

Padre alifikiri kidogo. "Kwanza niambie: kazi yenyewe, aliifanya?"

"Aliifanya, Padre."

"Basi kabla hujauliza nani alidanganywa, uliza nani anadaiwa."

Akaendelea na somo. Hatujui kama alijua lolote. Nadhani zetu ni kwamba hakujua, alijibu swali kama lilivyokuja. Sisi saa iliyobaki hatukusikia kitu.

Jioni ile tulimkuta kwenye tenki la maji, anasugua tope kwenye viatu vya bluu kwa mswaki wa zamani. Tulikuwa tumepanga maneno: nani ataanza, nani ataeleza ule ujanja, nani ataomba radhi. Mambo yote yakapotea. Aliyetakiwa kuanza alisema tu, "Ndugu yetu, tunaomba daftari."

Alisuuza kiatu, akakiegemeza ukutani kivulini, akafuta mikono. "Nilijua tangu wiki ya kwanza," alisema. "Uzi wenu mliusahau kwenye ndala." Akanyamaza kidogo. "Kupewa si neno. Nilisema, hawa wamenitafutia njia ya kupokea bila aibu, nami nitaifuata njia hiyo hadi mwisho. Nikafanya kazi. Lakini mtu anayepima kiatu huuliza kiatu kikoje."

Mmoja wetu alimuuliza kwa nini hakusema kama kilikuwa kinambana miezi yote hiyo.

"Ningesemaje? Mtu amekupa kiatu kwa huruma, uende umwambie kinakuumiza? Hiyo si shukrani. Lakini mpima kiatu anaruhusiwa kusema. Nilisema. Imo ndani ya daftari."

Usiku ule, kabla ya ukimya mkuu, tulikaa wanne kwenye kitanda kimoja tukasoma kurasa 31. Mwandiko ni mdogo na umenyooka. Kila mara tarehe, kilomita, hali ya njia, hali ya kiatu, hali ya mguu. Tumeomba ruhusa yake kuwapa baadhi:

14 Oktoba, Siku ya Nyerere, hakuna vipindi. Kilomita 6, vumbi kavu. Kiatu ni laini. Namshukuru Mungu.

18 Oktoba. Kilomita 9, lami ya kushuka. Vidole vinagonga mbele. Labda ni soksi nene.

25 Oktoba. Soksi nyembamba. Bado vinagonga.

20 Novemba. Ukucha wa kidole gumba cha kulia umekuwa mweusi. Nimebadilisha ufungaji wa kamba. Maumivu yamepungua, hayajaisha.

29 Novemba. Mvua. Soli ya kushoto imebanduka mbele. Jumla kilomita 118.

6 Desemba. Fundi ameshona. Shilingi 3,000.

13 Desemba. Nimepeleka daftari. Wana mitihani.

2 Aprili, Alhamisi Kuu. Sikukimbia. Miguu imeoshwa.

Tulipofika hapo, aliyekuwa anasoma alimpa mwenzake daftari, naye hakuweza kuendelea. Tulilala bila kusema mengi. Mguu ule tuliuona sote kanisani, mikononi mwa Gombera, na sababu yake ilikuwa imeandikwa kwa miezi mitano katika daftari tulilonunua wenyewe.

Asubuhi tuliamua mambo mawili: kazi tuliyoisingizia tuifanye kweli, na kila Jumamosi tukimbie naye. Kukimbia naye ni neno kubwa. Tunatoka naye getini, yeye hutusubiri njia panda.

Haya basi ndiyo matokeo, kutoka katika daftari lake na kutoka katika miguu yetu.

La kwanza ni saizi, na hapa tulikosea sisi. Ndala huacha vidole vitokeze. Kiatu cha kufunga hakifanyi hivyo. Mtu anapokimbia mguu huvimba kidogo, na barabara inaposhuka mguu huteleza mbele ndani ya kiatu. Ndiyo maana mbele ya kidole kirefu kuliko vyote inatakiwa ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Nunua kiatu jioni, mguu ukiwa umeshatembea, na uvae soksi utakazokimbilia. Zaidi ya yote, mwenye mguu awepo. Uzi hausemi.

La pili ni sponji iliyo kati ya mguu na soli. Hiyo ndiyo inayobeba kishindo. Kiatu cha mtumba kinaweza kuwa na uso mpya na sponji ya kizee, kwa sababu sponji hukauka na kuwa ngumu hata kiatu kikikaa stoo bila kuvaliwa. Ibonyeze kwa dole: ikiwa haibonyei, au ubavuni ina makunyanzi mengi yaliyolala, kiache. Cha kwetu kilikuwa bado kizuri. Mwenzetu aliandika kwamba kilianza kuchoka baada ya kilomita 300 hivi. Watu wa mbio husema kiatu huishi kati ya kilomita 500 na 800, na cha mtumba kimeshaliwa sehemu yake kabla hujakinunua.

La tatu ni soli. Kiweke kiatu mezani ukitazame kwa nyuma: kama kinaegemea upande mmoja, aliyekivaa kwanza amekuachia mwendo wake. Kikunje: kinapaswa kupinda pale vidole vinapopinda, si katikati. Gundi ya zamani huachia ikikutana na tope na joto, kama ilivyotutokea kwenye kilomita 118. Fundi viatu wa njia panda aliishona soli kwa uzi mnene, na haijabanduka tena. Kwa hiyo ukipanga bajeti ya mtumba, tenga na ya fundi.

La nne ni matunzo. Kiatu kikilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti ya zamani, kiweke kivulini penye upepo. Usikiweke karibu na moto wa jikoni. Mmoja wetu alifanya hivyo na chake mwezi Mei, na soli ikajikunja kama chapati.

La tano ni kamba. Lile tundu la mwisho juu, ambalo wengi hatulitumii, lina kazi. Ukipitisha kamba humo ukafanya kitanzi kila upande, kisha ukapitisha kila kamba katika kitanzi cha upande wa pili na kukaza, kisigino hukaa mahali pake na vidole havikimbilii mbele sana. Hii ndiyo mbinu iliyomwezesha mwenzetu kuvumilia. Tunaiandika kwa sababu inafaa, na tunajua kwamba isingekuwa hiyo pengine angetuambia mapema.

Jumamosi tulizokimbia naye tulipima na viatu vyetu. Mmoja alikuwa na viatu vipya vya dukani vya shilingi 25,000. Soli ni nene na inapendeza macho. Tulivipima kwenye mizani ya jikoni inayopimia maharage: kimoja gramu 380, wakati kile cha mtumba ni gramu 290. Sponji yake ni ngumu kama ubao, na baada ya kilomita 6 za lami nyayo zilikuwa zinawaka. Mwingine alivaa raba za kitambaa. Ni nyepesi na zimekaa vizuri mguuni, ila kila jiwe linakusalimia. Mwenzetu alikimbia na za namna hiyo miaka mingi bila kuumia, na mmoja wetu alitaka kuthibitisha kwamba kiatu si kitu: Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku. Mwenzetu alijibu kwamba Bikila huyohuyo alishinda tena Tokyo mwaka 1964 akiwa na viatu, na kwamba mguu uliokua pekupeku tangu utotoni si sawa na mguu uliokua ndani ya kiatu. Anayetaka kubadilisha abadilishe kidogo kidogo. Wiki moja baadaye yule mtetezi wa Bikila alikuwa anachechemea kwa maumivu ya kigimbi.

Hitimisho la upimaji, basi: kiatu cha bei nafuu kinamfaa mkimbiaji wa barabarani, kama kimechaguliwa na mwenye mguu. Kwa kilomita 412 alizokimbia mwenzetu hadi siku tulipoomba daftari, kile cha elfu 35 kilifanya kazi yake. Kasoro yake kubwa haikuwa ya muuzaji wala ya kiwanda.

Tarehe 25 Aprili tulishuka tena Memorial, safari hii watano. Mwenzetu alikubali kwa sharti moja, kwamba na yeye achange. Alitoa elfu tano, nasi tukajaza zilizobaki. Tulizunguka naye saa nzima. Alibonyeza, alikunja, alinusa gundi, alivaa, alikimbia hatua kumi kwenye kichochoro hadi wauzaji wakacheka. Aliacha viatu vizuri vinne ambavyo sisi tungevinunua. Mwishowe alichukua pea ya kijivu, namba 43, isiyo na sura ya kuvutia, kwa shilingi 38,000. Vile vya bluu alimpa mmoja wetu mwenye mguu mdogo kuliko wote, pamoja na agizo la kuendelea kuandika katika daftari lile lile, ukurasa wa 32.

Wapendwa waamini, mnatutunza. Sabuni, vitabu, nauli za likizo, hata kanzu zetu zimetoka katika mifuko ya wazazi, ya jumuiya ndogo ndogo, ya akina mama wa WAWATA. Hatuandiki haya kuwafundisha ninyi kutoa. Tunaandika kwa sababu siku moja, Mungu akipenda, tutakuwa mapadre, na kazi yetu kubwa itakuwa kuwapa watu vitu: neno, sakramenti, ushauri, mara nyingine unga na shuka. Tumeona jinsi ilivyo rahisi kutoa kwa uzi, kupima ndala za mtu akiwa amelala na kuondoka na moyo mweupe. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho mfano wa wakimbiaji kwa sababu aliwajua: michezo mikubwa ya Isthmia ilifanyika jirani na mji wao. Alizungumza na watu hao kwa kitu walichokijua. Sisi tuliishi bweni moja na mtu tusijue kwamba anaumia vidole.

Na kwa sisi tunaopokea, mwenzetu ametupa somo gumu zaidi, analosema analijifunza pia yeye. Alipoisoma rasimu ya makala hii alitikisa kichwa. Alisema tumemfanya mwema mno. Alisema miezi mitano ya kunyamaza haikuwa uvumilivu tu, ilikuwa na kiburi ndani yake: alitaka tuumbuke wenyewe. Alisema angeweza kubisha mlango mara ya pili. Aliomba tuliandike hilo, kwa kuwa tulikubaliana tangu mwanzo kwamba utaandikwa ukweli mtupu, hasa kasoro.

Hadi tunaandika, viatu vya kijivu vimefikisha kilomita 74. Vidole havigongi. Ukucha wa kidole cha pili umeanza kuota. Vile vya bluu vimefika kilomita 455 na kisigino cha kulia kimelika upande wa nje. Kila Jumamosi usiku daftari linasomwa kwa sauti, kabla ya ukimya mkuu, na hakuna anayeruhusiwa kusimama mpaka ukurasa uishe.

Tuombeane.

Mafrateri wanne wa falsafa, pamoja na wa tano aliyesahihisha